Risala ya Waashi wa Kolwezi Juu ya Viwanja Vilivyozuiwa Ujenzi

Kwa Waheshimiwa wabunge wa jimbo la Lualaba.



Sisi waashi, maseremala, wachoma matofali na madereva wa malori ya mchanga tunawaletea shida yetu. Hatudai ruhusa ya kujenga juu ya madini. Tangu 2014, mtu alipochimba kwake katika mtaa wa Kasulo akakuta kobalti, kila mmoja wetu anajua nyumba za hapa zimekalia nini. Mwaka 2017 baadhi ya watu wa Kasulo walihamishwa. Septemba 2023 Amnesty International ikaeleza jinsi shimo la kampuni ya madini ya COMMUS lilivyowafuata wakazi wa mtaa wa Cité Gécamines, wao wakilalamikia kuta kupasuka.

Kinachotuumiza ni zuio la ujenzi lisilo na tarehe ya mwisho, kwenye viwanja vinavyotakiwa na migodi. Watu wa kuhesabu fidia wanakuja, wanahesabu vyumba, wanaandika namba kwa rangi ukutani na kusema kitakachojengwa baada ya leo hakitalipwa. Hapo tunawaelewa, maana wengine wangeongeza vyumba usiku. Kisha wanaondoka kimya. Mwenye kiwanja hajengi, hauzi, hahami. Hata bati lililotoboka anaogopa kulibadilisha.

Kazi yetu ina majira. Matofali tunayafyatua mvua ikishakatika, Mei, tunayakausha, tunapanga tanuru na kuchoma kabla ya mvua za Oktoba. Zuio likitoka Julai, mteja anatukimbia na matofali mabichi yanabaki chini ya nyasi hadi mvua iyarudishe udongo. Kuni zimeshalipiwa, vijana waliofyatua wanadai, na simenti tuliyokopa dukani inaganda mfukoni. Vijana hao hawatungoji: wanachukua koleo na kushuka kwenye mashimo ya kobalti.

Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inataka alipwe mwenye haki juu ya ardhi anayenyimwa kuitumia. Lakini fundi aliyekwisha kumwaga msingi wa mtu huyo anabaki na deni lake.

Tunadai kila zuio litolewe kwa maandishi, lenye ramani na siku ya mwisho. Siku hiyo ikipita bila fidia, watu wajenge. Kukarabati paa na choo kusizuiwe kamwe. Matofali yaliyofyatuliwa na kazi yenye mkataba vihesabiwe pamoja na nyumba. Na nyumba za wanaohamishwa tupewe sisi tuzijenge, kwa matofali ya hapa.

Tunaomba jibu kabla ya Mei, tujue tufyatue matofali mangapi.