Kukesha Si Bidii: Usingizi ni Sehemu ya Masomo

Mitihani ya muhula inapokaribia, katika Msamala na mitaa mingine ya Manispaa ya Songea, taa za vyumba vya kupanga huwaka hadi alfajiri. Wanafunzi wa vyuo huita jambo hilo "kupiga msuli", na anayekesha husifiwa na wenzake kuwa mtu wa bidii. Naona sifa hiyo imewekwa mahali pasipostahili, kwani kukesha humnyang'anya mwanafunzi kile kile anachokitafuta.

Usingizi si muda ambao ubongo umezimwa. Tulalapo, ubongo huyapanga tuliyojifunza mchana na kuyaimarisha ili yadumu katika kumbukumbu. Asomaye usiku kucha bila kulala ni kama mkulima anayemwaga mbegu za mahindi juu ya ardhi asizifukie. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anahitaji kulala kati ya saa 7 na 9 kila usiku. Utafiti uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Hakuna mzazi ambaye angependa mwanawe aingie kwenye chumba cha mtihani akiwa amelewa. Mbona tunampongeza aingiapo akiwa amekesha?

Hata hivyo, si haki kumlaumu mwanafunzi peke yake. Wapo wanaolala wawili au watatu katika chumba kimoja, na wapo wanaofanya vibarua mchana ili walipe kodi. Bando la intaneti la usiku huuzwa kwa bei nafuu kuliko la mchana, hivyo asiye na fedha hungoja usiku wa manane ndipo apakue masomo yake. Zaidi ya hayo, mkoa wetu wa Ruvuma bado unasumbuliwa na malaria, na mbu waenezao ugonjwa huo huuma zaidi usiku. Akeshaye mezani yuko nje ya chandarua.

Kwa mwanafunzi, nashauri mambo yanayowezekana hata katika chumba cha kupanga. Amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vikome saa nane mchana, kwa maana kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Weka simu mbali na kitanda, kwani mwanga wake huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Kubaliana na mwenzako wa chumba saa ya kuzima taa. Ukichoka mchana, lala dakika 20, si saa mbili.

Kwa wahudumu wa afya wenzangu, ombi langu ni moja. Mwanafunzi akija na maumivu ya kichwa, mapigo ya moyo kwenda mbio au usahaulifu, mpimeni malaria kama ilivyo kawaida, kisha mwulizeni: unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, unakunywa nini ili usisinzie? Msikimbilie kumpa diazepamu, kwa kuwa huzoeleka upesi na haiondoi chanzo. Akikosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, au akiwa na huzuni isiyokwisha, achunguzwe kwa kina, maana huenda ni dalili ya sonona.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Maktaba yenye intaneti ya bure mchana, na ratiba ya mitihani itolewayo mapema, vitapunguza kukesha kuliko mahubiri yetu. Mwanafunzi aliyelala vizuri usiku wa kuamkia mtihani hajapoteza muda. Amekamilisha maandalizi yake.