Nyusi Hazinunuliwi kwa Jina la Mashine

NENO LA ALHAMISI
Na Mwanahawa Kibwana

Tangu nilipoandika hapa kuhusu krimu za kuchubua ngozi, wasomaji wameniuliza habari ya kupandikiza nyusi kuliko jambo jingine lolote. Maswali yao yanafanana: FUE au kalamu? Kisu cha chuma au cha yakuti? Nairobi au Istanbul? Maneno hayo wameyaokota kwenye matangazo ya simu zao, na matangazo yamefaulu kuwafundisha kuanza na swali lisilo la kwanza. Msimamo wangu nauweka mapema. Jina la mbinu ni jambo la tatu. La kwanza ni sababu ya nyusi kukwisha, na la pili ni mkono wa nani utakaozipanda.

Upasuaji wenyewe hauna siri. Daktari huchukua nywele pamoja na mizizi yake, aghalabu kutoka kisogoni au nyuma ya masikio ambako nywele ni nyembamba kidogo, akazipanda moja moja mahali pa nyusi kwa ganzi ya sindano. Kila upande huweza kupokea nywele 150 hadi 350 hivi. Mgonjwa huwa macho, na kwa kawaida hulala kwake usiku huo. Uvimbe na weusi kuzunguka macho huisha baada ya siku kadhaa. Kati ya wiki ya pili na ya nne nywele zilizopandwa hupukutika. Wengi hushtuka na kudhani wametapeliwa, kumbe mizizi ingali chini. Huanza kuota upya mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili huonekana baada ya miezi 9 hadi 12. Kwa hiyo ile picha ya “baada” inayopigwa mgonjwa akishuka kitandani, nyusi zikiwa zimejaa wino na matone ya damu, haithibitishi chochote.

Wapo wanaoiona kazi hii kuwa anasa tupu. Historia haiko upande wao. Daktari wa Kijapani, Shoji Okuda, aliandika mwaka 1939 jinsi alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kwenda kwenye makovu, zikiwemo nyusi. Vita vikafuata, na ulimwengu ukachelewa kuisoma kazi yake. Mtu aliyeungua uso, au aliyepona ukoma lakini nyusi zikagoma kurudi, hatafuti urembo. Anataka watu waache kumkodolea macho sokoni. Huyo sina ugomvi naye hata kidogo.

Ukoma unatuleta kwenye swali la kwanza, kwa sababu nyusi hazikwishi pasipo sababu. Wapo waliozitinda miaka nenda rudi hadi mizizi ikachoka. Lakini ukoma nao huweza kula nyusi. Tezi ya shingo ikipunguza kazi, theluthi ya nje ya nyusi huweza kupungua. Kaswende ya hatua ya pili huziondoa, na dawa za saratani vilevile. Yapo pia maradhi ambayo kinga ya mwili huishambulia mizizi ya nywele yenyewe. Mwaka 1994 daktari wa ngozi wa Australia, Steven Kossard, alieleza ugonjwa mmoja wa aina hiyo, unaorudisha nyuma nywele za kwenye paji, mara nyingi ukizimaliza na nyusi, na kuacha kovu mahali pa mizizi. Kwetu ugonjwa huu hujificha nyuma ya misuko. Dada anaambiwa amekazwa sana saluni, anabadilisha msusi, na bado paji linazidi kupanda. Ajiulize jambo moja tu: nyusi zangu nani alizisuka? Zikipotea pamoja na nywele za mbele, msusi hana kesi ya kujibu.

Ukipanda nywele juu ya ugonjwa ulio hai, ugonjwa utazila na hizo mpya. Ndiyo maana madaktari makini hutaka maradhi yawe yametulia muda mrefu, pengine miaka miwili, kabla ya kushika kisu. Kliniki inayokupa tarehe ya upasuaji kwa kuiona selfi yako haijakupima. Anza kwa daktari wa ngozi. Tunao, hata kama si wengi: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Huenda ukaondoka na vidonge vya tezi, ukaokoa nauli ya Istanbul.

Sasa mbinu. Mbili zinazotajwa zaidi zinatofautiana katika kuung'oa mzizi, wala si katika kuupanda. Ya zamani hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni. Kidonda hushonwa, na ukanda huchambuliwa chini ya hadubini. Ya pili, FUE, iliyoelezwa na William Rassman na wenzake katika makala ya kitabibu ya mwaka 2002, hutoboa ngozi kuuzunguka mzizi mmoja mmoja kwa ncha ya mviringo yenye upana wa milimita moja au pungufu. Matangazo husema FUE haiachi kovu. Si kweli. Haina mshono, lakini kila tundu huacha alama ndogo, na mwanamume anayenyoa kipara ataziona.

Kuna jambo ambalo matangazo yaliyotengenezwa kwa wateja wa Ulaya hayana haja ya kulisema. Nywele za kipilipili hazianzi kujikunja zikishatoka nje. Mara nyingi mzizi wenyewe umepinda ndani ya ngozi. Ncha iliyonyooka ikishuka juu ya mzizi uliopinda, huukata katikati, na mzizi uliokatwa huenda usiote tena. Daktari aliyezoea nywele zetu hubadilisha ncha na namna ya kuishusha, na hujaribu mizizi michache kwanza. Ukanda wa hadubini unampa nafasi ya kuuona mpindo kabla ya kukata. Kwa nyusi ukanda wenyewe ni mfupi, na mwanamke mwenye nywele ndefu anaweza kuuficha mshono. Basi ile mbinu inayoitwa ya kizamani huenda ikamfaa dada wa Tanga kuliko ya kisasa, mradi ngozi yake haina tabia ya kuota keloidi. Kama sikio lilivimba kovu ulipotogwa, mwambie daktari kabla hajagusa chochote. Watu wenye asili ya Afrika huota keloidi zaidi kuliko wengine, na keloidi kwenye uso ni adhabu.

Lakini kwenye nyusi kung'oa ni nusu nyepesi ya kazi. Nywele za kichwani huweza kusimama na bado zikapendeza. Za nyusi sharti zilale kama makuti ya paa, karibu zigusane na ngozi, kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15 hivi. Karibu na pua huelekea juu. Zikisogea upande wa sikio hulala ubavu, za juu zikiinama na za chini zikiinuka hadi zikutane. Nywele yenye mkunjo lazima pia izungushwe kabla ya kupandwa, ili mkunjo wake uangalie ngozi. Ikikosewa, inachomoza mbele, na hakuna kitana kitakachoitiisha. Kalamu ya kupandia iliyobuniwa Korea Kusini mapema miaka ya 1990 humsaidia daktari kutawala pembe na kina. Haimwambii uelekeo. Huo uko kwenye jicho lake na mazoezi yake.

Tena nywele haisahau ilikotoka. Norman Orentreich wa New York alilieleza hilo mwaka 1959: iliyohamishwa hubaki na tabia ya mahali ilipochukuliwa. Nyusi za kisogoni hurefuka kama nywele za kisogoni. Utazipunguza kwa mkasi kila wiki au mbili, maisha yako yote, na zitaota mvi kwa ratiba ya kichwa. Mwenye kuchoka na wanja wa kila asubuhi alipime hilo. Hajaacha kazi, amebadilisha kazi.

Istanbul sasa. Ndege ya moja kwa moja ipo kutoka Dar es Salaam, bei za vifurushi zinavutia, na madaktari hodari wapo kule. Tatizo la biashara hii, kule na kwingineko, ni kwamba daktari anaweza kuonekana kwenye picha na kwenye kuchora mstari, kisha kung'oa na kupanda kukaachiwa wasaidizi. ISHRS, chama cha kimataifa cha wapasuaji wa nywele, kimeendesha kampeni ya kuwaonya watu juu ya kliniki ambako kisu kinashikwa na wasio na leseni. Na mtu akirudi nyumbani na usaha, au mwezi wa kumi akagundua upande mmoja umepanda juu ya mwingine, kifurushi kimekwisha. Kuirekebisha kazi mbovu ni kuzing'oa nywele moja moja au kuziua kwa leza, na kila jaribio huweza kuongeza kovu au doa jeusi.

Hatari iko hata karibu na nyumbani. Chumba cha nyuma cha saluni chenye taa nzuri hakigeuki kuwa chumba cha upasuaji. Chombo kisichotakaswa hubeba homa ya ini na VVU, na ganzi ikizidi kipimo inaweza kuuvuruga moyo. Baraza la Madaktari Tanganyika na lile la Kenya yana rejesta za madaktari. Litafute jina la daktari humo kabla ya kutoa kianzio. Mabaraza nayo yana deni kwetu: kila tangazo la upasuaji wa urembo lilazimishwe kutaja jina na namba ya usajili ya atakayeshika kisu. Tangazo lisilo nazo liondolewe.

Nani aende, basi? Mwenye kovu la moto au ajali, aende akishapimwa. Aliyemaliza nyusi zake kwa kuzitinda azipumzishe kwanza miezi kadhaa aone kitakachorudi. Binti wa miaka 22 mwenye nyusi nzima, anayezitaka nene kwa sababu ndizo zinazotamba mwaka huu, asubiri. Mama zetu walizitinda nyembamba kama uzi kwa sababu hiyohiyo, na fasheni haikuwauliza ilipobadilika.

Atakayekwenda aombe kuonyeshwa wagonjwa wenye nywele kama zake, waliopigwa picha mwaka mmoja baada ya upasuaji. Aulize pia nani hasa atapanda, na kama jibu ni “timu yetu”, ahifadhi pesa yake.