Orodha ya Maneno Haitoshi

Mtihani wa SSAT hutumiwa na shule nyingi za binafsi za Marekani kuchagulia wanafunzi. Mwaka 2023, katika ngazi ya kati na ya juu, sehemu yake ya maneno ilikuwa na maswali 60 kwa dakika 30: nusu visawe, nusu kulinganisha uhusiano wa maneno. Kila jibu la kosa lilikata robo ya alama.

Wako walimu wanaowaandaa watoto kwa kuwakaririsha orodha ndefu za maneno. Sisi hatukubaliani nao. Tuchukue mfano wa lugha yetu: mfinyanzi kwa chungu ni kama mhunzi kwa nini? Aliyekariri tu huenda akachagua nyundo, kwani mhunzi na nyundo hawaachani. Aliyezoezwa kufikiri hutunga kwanza sentensi: mfinyanzi hufinyanga chungu. Ndipo aonapo kuwa mhunzi hufua jembe. Nyundo ni chombo chake tu.

Walimu wenzetu, masomo ya ziada hupatikana kwa mwenye fedha. Lakini mazoea ya kusoma vitabu na kuuliza maneno yanahusianaje yaweza kujengwa katika darasa lolote. Hapo ndipo yatupasa kuanzia.