Chanjo haingoji mafuriko

Unaposikia mvua kubwa imenyesha Garissa, huenda wewe uliye Umoja au Kangemi ukadhani hayo hayakuhusu. La hasha! Mapema mwaka 2007 wakazi wengi wa Nairobi waliogopa kula nyama, na mabucha yakakosa wateja. Homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka mwishoni mwa 2006, iliua zaidi ya watu 150 humu nchini.

Maradhi haya si mageni. Wataalamu waliyaeleza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha. Mbu hutaga mayai kwenye udongo wa mabondeni, nayo huweza kukaa makavu kwa miaka, virusi vikiwa ndani. Mafuriko yakija, mayai huanguliwa. Mbu huuma mifugo, mimba zikatoka na ndama wakafa. Binadamu naye huambukizwa anapochinja au kushika damu ya mnyama mgonjwa, au anapoumwa na mbu.

Ndivyo ilivyotokea baada ya mvua za El Nino za 1997. Na kadiri dunia inavyozidi kupata joto, wanasayansi wanaonya kwamba mvua za kupita kiasi zitaongezeka.

Bahati nzuri, bahari hutoa ishara mapema. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipata joto lisilo la kawaida, wataalamu huweza kutahadharisha kabla ya mafuriko. Mwaka 2006 walifanya hivyo, lakini chanjo ya mifugo ilianza ugonjwa ukiwa umeshatapakaa. Wakati huo huwa tumechelewa: mnyama huhitaji muda kupata kinga, na sindano moja ikidunga wanyama wengi yaweza yenyewe kueneza virusi.

Hapo ndipo serikali inapohitajika. Mfugaji mmoja hawezi kukinga wilaya nzima. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la kudhibiti magonjwa ya mifugo. Basi wewe uliye na jamaa mashambani, muulize mwakilishi wa wadi yao: je, pesa za chanjo zimetengwa, au zinangoja matanga?

Nawe jikoni, nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, uipike iive, na uchemshe maziwa. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu sote tunaujua ulipo.