Dada wa Geita Gold si mkia wa kaka zao

Poleni na kimya cha wiki mbili hizi. Kazi za gazeti mnazijua wenyewe. Leo nina la mpira, na wale wasiopenda mpira naomba wavumilie kidogo, maana tukifika katikati mtaona kumbe ni habari ya pesa.

Msimu wa 2023/24 mkoa wa Geita ulikuwa na timu mbili za Ligi Kuu. Moja ni Geita Gold ya wanaume, inayojulikana hadi kwa mama lishe wa Katoro. Ya pili ni Geita Gold Queens. Hao walikuwa wamepanda daraja pamoja na Bunda Queens kutoka kule Mara, na sidhani kama abiria wawili ndani ya Hiace ya Katoro wangeweza kukutajia wachezaji wao watatu. Msimu ukaisha, kaka wakashuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Ligi ya wanawake ya 2024/25 ilipoanza na timu zake kumi, Bunda Queens walikuwemo. Dada wa Geita hawakuwemo.

Kushuka kwa kaka kuliandikwa sana. Kocha alikosea wapi, nani alisajiliwa bure, viongozi walilala saa ngapi. Dada walipata mstari mmoja chini ya jedwali. Mimi niko ndani ya kazi hii, kwa hiyo nasema ninachokiona: habari ya mechi ya wanaume ikikosekana gazetini, simu zinalia tangu asubuhi. Ya wanawake ikitupwa ili tangazo lipate nafasi, hakuna anayeuliza.

Sasa msiniambie kwamba hawajui mpira. Mwaka 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda Kombe la Dunia India, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Mwaka huohuo Simba Queens walimaliza nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika kule Morocco. Twiga Stars, waliocheza fainali za Afrika mwaka 2010 Afrika Kusini, walirudi tena kwenye fainali hizo Morocco mwaka 2025, wakatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Nitajieni kaka wangapi wa Kanda ya Ziwa wamefika huko.

Tatizo liko kwenye swali la nani anazilisha timu hizi. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17 na bingwa wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa Pwani. Ilikuwa raha kuona hivyo. Baada ya hapo, hadi 2025, kombe limezunguka kwenye mikono miwili tu: JKT Queens (2018, 2019, 2023, 2025) na Simba Queens (2020, 2021, 2022, 2024). Wa kwanza wana jeshi nyuma yao. Wa pili wana Msimbazi. Mlandizi wao walishuka, ikabidi wahangaike hadi wakarudi msimu wa 2024/25. Ukiwa huna jeshi wala mamilioni ya mashabiki, unahitaji mtu mwenye mfuko mrefu, na huku kwetu mtu huyo ni mgodi.

Lakini sisi watu wa Shinyanga tunaujua mpira wa mgodi, tena tunaujua vizuri. Stand United, Chama la Wana, ilianzia kwa vijana wa stendi ya mabasi, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwaka uliofuata Acacia, waliokuwa wenye migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, wakaja na udhamini. Kambarage ikajaa. Halafu viongozi wakagawanyika pande mbili, kila upande ukidai timu ni yake, na mwaka 2016 mdhamini akaondoka. Mwaka 2019 Stand ikashuka. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ilipanda 2015 ikashuka 2021. Na mwaka huo wa 2021 mgodi wenyewe wa Buzwagi, pale Kahama, ulisimamisha uzalishaji. Yaani mgodi nao hufa.

Ndiyo maana nasema kumfunga dada mgongoni mwa kaka ni kumtafutia kifo mara mbili: mgodi ukichoka, amekwisha, kaka akivurunda, amekwisha pia. CAF waliweka sharti kwamba klabu inayotaka kucheza mashindano yao lazima iwe na timu ya wanawake. Sharti zuri. Ila matokeo yake ni kwamba klabu nyingi zinaiona timu ya wanawake kama cheti cha kubandika ukutani ili mkaguzi akipita akikute. Geita Gold ya wanaume ilimaliza ya nne mwaka 2022, George Mpole akiwa mfungaji bora kwa mabao 17, ikaenda Kombe la Shirikisho. Siku hizo cheti kina kazi. Kaka akishuka, cheti kina kazi gani?

Kuna sehemu dada amekaa chini ya mwavuli wa kaka na bado akawika. Hivi karibuni nilikuwa nasoma habari za hoki ya barafuni ya wanawake wa Urusi (msicheke, umeme ulikuwepo na bando lilikuwepo). Mji wa Ufa, katika jamhuri ya Bashkortostan yenye mafuta mengi, una timu ya wanawake inaitwa Agidel, jina la mto wa huko. Ilianzishwa 2010 na iko pamoja na Salavat Yulaev, timu kubwa ya wanaume ya mji huohuo. Kaka walilichukua Kombe la Gagarin mwaka 2011. Mwaka 2018 na 2019 kaka walitoka mikono mitupu, lakini dada walibeba ubingwa wa ligi yao miaka yote miwili. Kufanya vibaya kwa kaka hakukuwafungia dada mlango wa uwanja. Na kule kuna baridi ya kuua, sisi huku tunahitaji nyasi na basi tu.

Basi, pesa itoke wapi? Ipo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka kila kampuni ya madini kuandaa mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii, ule tunaouita CSR, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri. Kwa Geita hizo ni pesa za kutosha kiasi kwamba zimeingia hadi kwenye ujenzi wa uwanja wa mpira wa Magogo.

Najua jibu litakalokuja: zahanati hazina dawa, watoto wanakaa chini, wewe unaleta habari za mpira wa wanawake. Ningelikubali jibu hilo kama mpira wa wanaume nao ungekuwa haujagusa senti ya mgodi. Umegusa, tena bila mtu kuuliza habari za zahanati. Na mgodi wenyewe ulishaonyesha kwamba unaweza kumtazama msichana peke yake: Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu ilijengwa na GGM. Haikusubiri matokeo ya shule ya wavulana ndipo ipewe mabweni.

Kwa hiyo madiwani wa Geita, na wale wa Kahama na Msalala mnaokaa mezani na wenye migodi, ombi langu ni mstari mmoja ndani ya mpango wa mwaka, wenye jina la timu ya wanawake na tarakimu mbele yake. Usiandikwe "michezo" kwa jumla, maana tunajua "michezo" huishia kwa nani. Ndani yake kuwe na nyumba ya kulala wachezaji, kocha mwenye mkataba, ada za wale wanaosoma, na basi. Kutoka Geita hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, na ukifika huko unawakuta JKT Queens wamelala kambini kwao.