Khofu ya Viza na Maradhi ya Nafsi

Miongoni mwa vijana wetu wanaokwenda kusoma Uingereza wamo waugulao sonono na wasiwasi kwa siri mpaka hali ikawashinda, si kwa kukosa wa kuwauguza, bali kwa kuitakidi kwamba mwenye kukiri kuwa nafsi yake imedhoofika atanyang'anywa viza na kurejeshwa kwao kwa fedheha. Khofu hiyo naiona ina madhara kuliko baridi na upweke.

Na upweke wenyewe si haba. Mjini Aberdeen, mwezi wa Desemba, jua hutua yapata saa tisa na nusu alasiri, kijana aliyelelewa Tanga au Lamu hutoka darasani akakuta giza, akaingia chumbani, akala wali wa jana, kisha simu ikalia na mama akauliza, "Hujambo mwanangu? Masomo yaendaje?" naye akajibu, "Alhamdulillahi, mama, salama," ilhali tangu juma lililopita hajafungua kitabu. Atasemaje, naye ajua kwamba kiwanja kiliuzwa ili apate karo, na kwamba sheria humruhusu kazi ya saa 20 tu kwa juma wakati wa masomo?

Basi na ieleweke: kumwona mshauri nasaha wa chuo ni jambo la faragha, wala halipelekwi kwa maofisa wa uhamiaji; siri hiyo hufunuliwa pale tu uhai wa mtu unapokhofiwa. Ambalo chuo hulazimika kuiarifu serikali ni mwanafunzi kuyatoroka masomo, na hilo ndilo limfikalo yule aliyejifungia chumbani. Kwa hiyo kimya anachokishika ili kuilinda viza ndicho kinachoihatarisha. Sikatai kwamba kuahirisha masomo kwa muda mrefu kwaweza kumlazimu mgeni kurejea kwao, lakini hiyo ni hoja ya kutafuta tiba mapema, maradhi yangali machanga.

Tena tiba hiyo si sadaka. Mwanafunzi wa kozi ipitayo miezi 6 hutozwa, pamoja na ombi la viza, pauni 776 kwa kila mwaka kwa ajili ya huduma za afya za taifa, hata kabla hajapanda ndege. Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa anaoishi ni haki aliyokwisha kuilipia.

Lawama yangu kubwa ni kwa vyuo, ambavyo huvuna karo nene kwa wageni. Ni wajibu wao kumweleza mgeni haya kinaganaga, uso kwa uso, tangu juma la kwanza, wala wasingoje mpaka aanguke.

Nanyi wazazi, mpigapo simu, msianze na mitihani. Muulizeni mwanenu analala vipi na anakula na nani. Na akisema hajiwezi, msimwambie avumilie, mwambieni aende kwa daktari kesho asubuhi.