RAIA AFUNDISHE VIUNGO VYA ASKARI

Wako wasemao kwamba raia hana la kumfundisha askari. Wasema kazi ya raia ni kulima na kulipa kodi, na mambo ya kambi ayaache ndani ya lango. Sisi wa Magu twaikataa hoja hiyo. Ni kasumba, na kasumba haiponi kwa kunyamaziwa.

Kwanza twauliza: mwili wa askari watoka wapi? Hautolewi stoo pamoja na buti na mkanda. Kijana huja nao kutoka kwao. Kabla hajavaa gwanda amekwisha lima pamba, amekwisha sukuma mtumbwi katika Ghuba ya Speke, amekwisha chunga ng'ombe toka alfajiri mpaka magharibi. Waliocheza bugobogobo wajua: jembe huinuliwa kwa mdundo wa ngoma, wala mtu hamalizi nguvu zake katika tuta la kwanza. Huo ni ujuzi wa kupima nguvu, nao uko kwa raia.

Pili, wenye kasumba na wawatazame hao waliowaachia. Mwaka 1860 jeshi la Uingereza lilipotaka walimu wake wa kwanza wa viungo, lilichagua askari 12 wenye vyeo vidogo, likawapeleka Oxford chini ya Meja Hammersley. Aliyewafundisha ni nani? Ni Archibald MacLaren, raia, mwenye ukumbi wa mazoezi mjini humo. Dola iliyokuja kututawala haikuona haya kujifunza kwa raia wake. Marekani nayo, katika mpango wa siha ya askari ulioandikwa katika kitabu chake cha mafunzo mwaka 2020, iliweka raia wataalamu wa nguvu za mwili ndani ya brigedi zake. Basi sisi twajivuna kwa lipi?

Tatu, na hili ndilo kubwa, jambo hili si la fahari. Ni la mifupa ya watoto wetu. Mafunzo ya lazima ya JKT yalisitishwa mwaka 1994, yakarudishwa mwaka 2013. Kijana wa kidato cha sita atoka darasani alikokaa kitako miaka, aingia kambini kukimbia na kubeba. Mfupa hukaza kwa kuzoeshwa kidogo kidogo na kupumzishwa. Ukiuzidishia mzigo ghafula kila siku hupata nyufa, hasa katika muundi na wayo. Mwenye nyufa hizo huchechemea, na asiyejua humwita mvivu, akamwongezea mbio. Hapo mzazi hupokea kilema badala ya askari.

Mwalimu wa viungo aliyesomea kazi yake hafanyi hivyo. Huwapima vijana siku ya kwanza, huwagawa kwa uwezo wao, huongeza mwendo na mzigo wiki kwa wiki. Hutazama goti na mgongo vinavyokunjwa kabla ya kuongeza kilo. Hupanga siku ya kazi nzito na siku ya kupumzika. Kumchosha mtu si elimu; hata jua la Magu humchosha mtu bure. Septemba 2025 Alphonce Simbu, askari wa JWTZ, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo. Ushindi wa namna ile haupatikani kwa kukimbizwa ovyo.

Watasema: na siri za kambi je? Na nidhamu? Twajibu: mwalimu huyo hahesabu bunduki, ahesabu pumzi. Na aape, afuate amri za kambi, asiwe na amri juu ya askari nje ya uwanja wa mazoezi. Hatudai raia awe kamanda. Twadai awe mwalimu.

Wala tusisahau historia yetu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, nchi ikatikisika. Jeshi lile lilikuwa limerithiwa kwa mkoloni, limefundishwa kukaa mbali na watu. Jipya lililozaliwa tarehe 1 Septemba 1964 lilipewa jina la Jeshi la Wananchi, na jina hilo si pambo. Katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, mgambo walitoka vijijini wakasimama bega kwa bega na askari. Raia aliyefaa kufa pamoja na askari, hafai kumfundisha kuinua mzigo?

Basi twadai mambo matatu. Kila kambi inayopokea vijana wapya iwe na mwalimu wa viungo aliyehitimu, na raia mwenye ujuzi asizuiwe kwa sababu ya nguo zake. Alipwe mshahara wa mtaalamu, si posho ya kibarua. Na mafunzo ya mgambo hapa wilayani nayo yapate walimu hao. Chuo cha Maendeleo ya Michezo kiko Malya, kwa jirani zetu wa Kwimba, hatuna haja ya kuvuka bahari kuwatafuta.

Ndugu wananchi, lisemeni hili katika mikutano ya vijiji, mwaulizeni diwani, mwaulizeni mbunge. Mtoto tunayemtoa kulinda nchi ni wetu. Tuna haki ya kuuliza nani anaujenga mwili wake, na kwa elimu gani.